Wiki ya kambi za futiboli: Louisville, Dayton, Ann Arbor, Canton

Risiti zimejaa kwenye mfuko wa mlango wa gari na picha zimejaa kwenye simu, basi nimekaa nikaziunganisha kabla sijasahau nani alitupa kivuli na nani alitutoza pesa za kuegesha gari juani. Safari ilikuwa wiki ya pili ya Juni. Garini tulikuwa mimi, mwanangu wa miaka 15 mwenye futi sita na pauni 245, na kijana wa jirani yangu (jirani huyo ni mama Mkongo wa Uvira). Huyo wa jirani ni rika la mwanangu, ila akisimama nyuma yake humwoni. Mwembamba, ana mbio, na hakai kimya. Mwanangu ananiita Mama, yule ananiita tanti, na makocha waliwaita wote wawili kwa namba.

Kwa mliopo nyumbani Tanga na kwingineko: huku Marekani shule zikifungwa, vyuo vikuu hufungua viwanja vyao vya futiboli ya Kimarekani kwa vijana wa sekondari. Kambi nyingi ni za siku moja. Mzazi analipa, mtoto anapimwa, anakimbizwa, anafundishwa kidogo au sana kutegemea mahali, jioni mnaondoka. Vijana huenda wakiota ufadhili wa masomo. Wazazi huenda wakiota hivyohivyo, ila sisi ndio tunaoshika kadi ya benki.

Ijumaa usiku: fomu na chapati

Jioni nzima ilikuwa ya karatasi. Kila kambi inataka fomu ya daktari isiyozidi mwaka, nakala ya kadi ya bima mbele na nyuma, na sahihi ya mzazi kwamba anajua mtoto anaweza kuumia. Kwa mtoto asiye wako, ongeza barua ya mzazi wake inayokuruhusu umpeleke hospitali. Jirani aliniletea hiyo barua pamoja na sufuria ya maharage. Akaniambia, "Dada, akisumbua umuchape, ni mutoto wako." Chapa nakala za kila kitu mara mbili. Usitegemee simu, kwenye meza ya usajili kuna jua, foleni, na mtandao mbovu.

Mizigo: daluga, soksi za akiba, kinga za meno, kaptura, taulo, mafuta ya jua. Helmeti tuliziacha, kambi zote tatu zilikuwa bila helmeti na bila pedi. Chakula: chapati ishirini, mayai ya kuchemsha, ndizi, na deli kubwa la barafu. Deli hilo ndilo liliokoa bajeti.

Neno moja kuhusu barua za mwaliko. Mwanangu alipokea barua nzuri yenye picha ya uwanja na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani. Sikutaka kumvunja moyo, lakini kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinataka kambi ya chuo iwe wazi kwa yeyote. Kikomo kinaweza kuwa idadi, umri, darasa au jinsia tu. Barua ya kambi ni tangazo. Kocha anayemtaka mtoto wako huzungumza na kocha wake wa shule.

Jumamosi: Louisville – Cincinnati – Dayton

Barabara ya I-71 inaanzia hapahapa Louisville. Hadi Cincinnati ni kama maili 100 za vilima, ng'ombe na malori, hakuna cha kusimulia mpaka Florence, ambako mnara wa maji wenye jina la mji unakukaribisha kabla ya foleni. Foleni yenyewe ni ya daraja la Brent Spence juu ya mto Ohio. Lilifunguliwa 1963, lina ghorofa mbili, na anayeelekea kaskazini anapita ya chini, gizani, malori yakimpumulia kisogoni. Tulisota dakika arobaini na tano. Vijana hawakulalamika, kwa sababu katikati ya nguzo za chuma, upande wa kulia, unaonekana uwanja wa Cincinnati Bengals umekaa ukingoni mwa mto. Uwanja huo mpaka 2022 ulikuwa na jina la Paul Brown, mwanzilishi wa timu. Jina la mzee huyo tulikuja kukutana nalo tena.

Mchana tulikula chakula cha Cincinnati: tambi, juu yake rojo la nyama ya kusaga, juu yake mlima wa jibini. Walioanza kuupika mjini humo miaka ya 1920 walikuwa wahamiaji kutoka Balkani, na rojo lina mdalasini. Mimi Mtanga, mdalasini kwenye nyama haunishangazi. Kilichonishangaza ni tambi. Sahani tatu na maji, dola 34. Mwanangu alimaliza yake na nusu ya yangu.

Dayton tulilala kwa binamu ya jirani. Mji huo una Wakongo wengi, na ukifika nyumba ya Mkongo bila kula umejitakia ugomvi. Bugali, sombe (kisamvu), ndagala (dagaa) wa kukaanga. "Mukule, mushibe, kesho mutoto atapigana," mama mwenye nyumba akasema, akamwongezea mwanangu sahani ya tatu bila kumuuliza. Nilipotaka kutoa pesa kidogo ya chakula, shemeji, mumewe, alinitazama mpaka nikairudisha mkobani.

Kabla ya giza tuliwapeleka vijana kunyoosha miguu Triangle Park. Ni bustani ya kawaida, miti, viwanja vya besiboli, watu wanachoma soseji. Hapo ndipo Oktoba 3, 1920 Dayton Triangles waliwafunga Columbus Panhandles 14 kwa 0, mechi ya kwanza kati ya timu mbili za ligi ambayo leo ni NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa. Nilisoma kwa sauti. Shemeji, anayekaa dakika kumi kutoka hapo, alisema huwa anakuja kuvua samaki tu.

Jumapili: kambi kubwa

Chuo hiki sitakitaja. Ni kikubwa, ni mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Dayton, na ndicho kilichotuma ile barua ya ukutani. Ada ilikuwa dola 75 kwa kila mtoto ukilipa mapema mtandaoni, dola 100 mlangoni. Kuegesha gari dola 10.

Kwa macho yangu vijana walizidi mia tatu. Foleni ya kwanza ni ya kujiandikisha, ambapo mtoto anabandikiwa namba kifuani. Foleni ya pili ni ya vipimo: urefu bila viatu, uzito, upana wa kiganja, urefu wa mikono ikiwa imenyooshwa pande zote. Kisha kuruka mbele kwa miguu miwili, kisha mbio za yadi 40, kisha zile za kukimbia yadi tano kulia, kumi kushoto, tano kurudi, ambazo zinaonyesha nani anaweza kugeuka bila kuteleza. Mwanangu alipata sekunde 5.6 kwenye yadi 40. Kwa mwili ule si mbaya, lakini aliyekuwa anaandika hakuinua hata uso.

Baada ya hapo wakagawanywa kwa nafasi. Watoto wa laini ya mbele, yaani wale majitu wanaomkinga kwotabeki, mrusha mpira, asivunjwe, walipelekwa pembeni na kocha mmoja na vijana wawili wa chuo. Mistari ikawa mirefu mno. Unasimama, unasogea, unasogea, unafika, unasukuma mto wa mazoezi mara moja, kocha anapiga makofi, "Safi, anayefuata!" na unarudi mwisho wa mstari. Hakuna aliyemwambia mwanangu kwamba mikono yake inafungukia nje. Mimi sijui futiboli, lakini hata mimi niliona aliyesukumana naye anamshika kifua kila mara.

Yule wa jirani alipata mkosi wa aina nyingine. Kocha alimuuliza alianzia mchezo gani, akajibu soka. Basi. Akapelekwa kwa wapiga mateke na huko akabaki mchana kutwa, akipiga mpira upite kati ya milingoti. Alirudi amenuna. "Tanti, mimi ni mpokeaji. Mpokeaji! Nimewaambia." Mpokeaji ni yule anayekimbia mbele kudaka mpira.

Aliyetusaidia siku ile ni mama mmoja wa milimani mashariki ya Kentucky, mwenye hema dogo, mbwa, na wajukuu wawili uwanjani. Aliniona nimejifunika khanga kichwani juani, akasogeza kiti chake cha akiba bila maneno mengi. Tulibadilishana chapati kwa mapichi. Yeye ndiye aliyenifundisha swali la kuuliza kabla ya kulipa kambi yoyote: mtoto atagawana kocha wa nafasi yake na wenzake wangapi? Wakikujibu kwa kukusifia vifaa, jibu umelipata.

Njia ya kutoka uwanjani inapita dukani. Fulana dola 35. Tulipita.

Jioni tulishika I-75 kwenda kaskazini. Nchi tambarare, mahindi, soya, mahindi. Wapakoneta, alikozaliwa Neil Armstrong, jumba lake la makumbusho lenye kuba linaonekana kutoka barabarani, na vijana walikuwa wamelala. Moteli karibu na Toledo, dola 82 kwa usiku na kodi ndani, vitanda viwili, maikrowevu moja, na mashine ya barafu inayonguruma ukutani. Omba chumba cha mbali na hiyo mashine.

Jumatatu: Ann Arbor, bila kambi

Niliacha siku ya kupumzika makusudi. Mwili wa mtoto aliyetoka kukimbia kutwa hauhitaji kambi nyingine kesho yake, hata kama ratiba za vyuo zinakuwezesha kupeleka kila siku. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na wapo walioharibu magoti wakiwa na umri wa mwanangu.

Ann Arbor ni chini ya saa moja kutoka Toledo. Vijana walitaka kuona Michigan Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, unaokaa watu 107,601, mkubwa kuliko wote Marekani. Ukiwa barabarani unaweza kudhani umepotea, kwa sababu sehemu kubwa ya uwanja imechimbwa ndani ya ardhi tangu 1927. Tulichungulia kupitia uzio wa lango. Viti vinashuka, vinashuka, na nyasi iko chini kabisa. Yule wa jirani alinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu Louisville.

Hapo nikamsimulia habari za Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec, Kanada, akaja kuichezea Michigan. Novemba 1995, katika uwanja huuhuu, alikimbia na mpira yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State, wapinzani wao wakubwa, waliokuwa hawajafungwa msimu ule. Michigan wakashinda. Mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchagua wa nane katika usajili wa NFL.

"Mukongo?"

"Mkongo."

"Na hawakumwambia apige mateke?"

Kuanzia hapo jina la Biakabutuka lilitamkwa garini mpaka nikalichoka. Chakula cha mchana kilikuwa mayai na chapati kwenye nyasi za bustani. Mji ni mzuri ila kuegesha gari kunakula pesa. Tafuta mtaa wa nje utembee.

Jumanne: joto, halafu radi

Kambi ya pili ilikuwa upande wa Ohio, chuo cha wastani, dola 60 kwa mtoto. Hali ya hewa nyuzi 33 za Selsiasi, na uwanja ni wa nyasi bandia, kwa hiyo chini kuna joto zaidi. Vile vipunje vyeusi vya mpira vilivyomo kati ya majani vinaingia kwenye daluga, kwenye soksi, masikioni. Mpaka leo naokota vipunje kwenye zulia la gari.

Nitawasifu hawa kwa kitu kimoja. Walikuwa na kifaa kwenye miguu mitatu kando ya uwanja kinachopima joto, unyevu na jua kwa pamoja, na binti mwenye kifaa hicho alikuwa na mamlaka kuliko kocha mkuu. Akisema maji, wote maji. Kulikuwa na beseni kubwa la maji ya barafu tayari, la kumzamisha mtoto akizidiwa. Nilimuuliza, akaniambia kanuni ni kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye. Ohio wanalijua jambo hili kwa uchungu: Korey Stringer, mzaliwa wa Warren, mji wa jimbo hilohilo, aliyechezea Ohio State, alikufa kwa kiharusi cha joto Agosti 1, 2001 akiwa kwenye kambi ya mazoezi ya Minnesota Vikings. Alikuwa na miaka 27, na alicheza laini ya mbele, kama mwanangu.

Mzazi, ukifika kambini tafuta hilo beseni kwa macho kabla hujatafuta pa kukaa. Usipoliona, uliza. Mpe mtoto chumvi kidogo kwenye chakula cha asubuhi, na usimwache anywe maji lita mbili kwa mkupuo ukidhani umemkinga.

Saa saba mchana radi ikapiga. Kanuni ni dakika 30 bila radi ndipo mrudi uwanjani, na kila ngurumo inaanzisha hesabu upya. Tulifungiwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu kwa zaidi ya saa mbili. Mvua ya kule haina manyunyu ya kukuonya, ilimwagika. Watoto walianza kukimbizana, makocha wakaanza kutazama simu, wazazi wakaanza kuhesabu walicholipa.

Katika kukimbizana huko, daluga ya kulia ya kijana wa jirani ikaachia soli. Soli nzima, kuanzia kidoleni hadi kisiginoni. Nikawa nawaza duka la karibu liko wapi. Baba mmoja aliyekaa ngazi ya chini yetu, mkulima kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa na kofia yake ya kampuni ya mbegu, aliuliza namba ya kiatu. Akatoka kwenye mvua ileile hadi kwenye pikapu, akarudi ameloa chapachapa na jozi ya daluga kwenye mfuko wa nailoni. Zilikuwa za mwanawe mkubwa, zimeshambana. Zilikuwa kubwa nusu namba. Soksi mbili zikamaliza kazi. Nilipomwambia nitazituma kwa posta, alisema, "Mpe mwingine zikimbana." Sikupata hata kuandika anwani.

Saa tisa na nusu walirudi uwanjani kwa dakika hamsini, wakacheza ile ya saba kwa saba isiyo na kuangushana. Laini ya mbele haina kazi kwenye mchezo huo. Mwanangu alikaa na kunishikia khanga. Nusu ya ada ya siku ile ililipia kivuli cha ukumbi, na kuhusu kurudishiwa, soma masharti: radi ni amri ya Mungu.

Usiku huohuo tukaingia barabara ya kulipia ya Ohio kuelekea mashariki. Ushuru dola kumi na ushei bila kadi yao. Moteli ya Canton, dola 89, tulifika saa tano, mhudumu wa mapokezi alitutunzia chai.

Jumatano: Canton na Massillon

Makumbusho ya futiboli, Pro Football Hall of Fame, yako kando kabisa ya barabara ya I-77. Yalifunguliwa 1963, yana paa lenye umbo la mpira. Kwa nini Canton, mji mdogo? Kwa sababu Septemba 17, 1920 wenye timu walikutana mjini humo kwenye duka la magari la Ralph Hay, wakaanzisha ligi. Viti havikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi za pembeni za magari yaliyokuwa yanauzwa. Rais wao wa kwanza alikuwa Jim Thorpe, Mhindi Mwekundu wa kabila la Sac and Fox, aliyeshinda dhahabu mbili Olimpiki ya 1912. Vijana walipita haraka kwenye historia na kukaa sana kwenye chumba cha sanamu za shaba za vichwa. Mwanangu alitafuta wa laini ya mbele tu. Anasimama, anasoma, anatazama shingo.

Tiketi si rahisi. Nenda asubuhi, na kula kabla.

Mchana tulisogea Massillon, jirani wa Canton na hasimu wake. Timu za sekondari za miji hii miwili zinapambana tangu 1894. Uwanja wa sekondari ya Massillon unachukua watu zaidi ya 16,000, na unaitwa kwa jina la Paul Brown, yuleyule wa kule mtoni Cincinnati: alisoma hapo, akafundisha hapo kuanzia 1932, akaenda Ohio State, akaijenga Cleveland Browns, kisha Bengals. Sheli tulipojaza mafuta, mzee mmoja alimwona mwanangu, akamzunguka mara moja kama anayenunua ng'ombe, akauliza anacheza wapi. Kisha akatueleza desturi ya hapo: mtoto wa kiume akizaliwa mjini, klabu ya washabiki inampelekea mpira mdogo wa futiboli hospitalini, anawekewa kitandani. Yeye alikuwa na wake bado. Alitaka kutupeleka kwake kutuonyesha, nikamshukuru, giza lilikuwa linakaribia.

Barabara ya US-30 kuelekea magharibi ni ya kupendeza jioni. Ukiona mkokoteni wa farasi kwenye njia za pembeni, punguza mwendo, ni Waamishi, Wakristo wasioendesha magari.

Alhamisi: chuo kidogo

Kambi ya mwisho niliiweka kwa sababu ilikuwa njiani na ilikuwa dola 35. Ni chuo cha daraja la tatu la NCAA, ambalo haliruhusiwi kutoa ufadhili wa michezo. Wanaweza kukusaidia ada kwa masomo yako au kwa hali ya familia. Mwanangu alikuwa haitaki. "Mama, hakuna anayekijua hicho chuo." Tulilala bwenini kwao, dola 25 kwa kichwa, na kifungua kinywa kimo.

Vijana hawakufika sitini. Wa laini ya mbele walikuwa tisa, na makocha wawili. Mmoja alikuwa mtu wa makamo, goti lake limefungwa bandeji, sauti ya chini. Alimtazama mwanangu akisukuma mto mara moja, akasimamisha kila kitu. Akapiga magoti kwenye nyasi, tena nyasi za kweli, akaushika mguu wa kushoto wa mwanangu kwa mikono miwili, juu ya kifundo, akausogeza nyuma kama inchi tatu. "Hapa. Sasa sukuma tena." Kisha akainuka taratibu kwa goti lile, akazishika zile ngumi zinazofungukia nje, akazileta ndani, karibu na mbavu, vidole gumba vikitazama juu. Akamweleza kwa nini: mkono ukitoka nje ya bega, aliye mbele yako anaingia kifuani, na akishaingia kifuani wewe ni mlango tu.

Halafu wakarudia. Mguu wa nje unarudi nyuma, wa ndani unaufuata, visigino visikutane, kichwa kisitangulie. Asubuhi nzima. Habari ya kichwa aliirudia kuliko zote. Kichwa si cha kugongea, akawaambia, kichwa ni cha kuonea. Nilimpenda hapo. Wasiwasi wangu mkubwa katika mchezo huu ni ubongo, na yule alikuwa kocha wa kwanza wiki ile kuligusa jambo hilo bila mzazi kuuliza.

Mchana wakawekwa mmoja kwa mmoja. Kijana mmoja mkubwa zaidi, aliyekuwa amemwangusha kila mtu, alikuja upande wa mwanangu. Mguu ukarudi, wa pili ukafuata, mikono ndani, na yule mkubwa akasimama wima kama aliyesahau alichofuata. Mara ya pili akambwaga mwanangu chali, sawa. Lakini ile ya kwanza niliirekodi, na baba wa mwanangu ameshaitazama wakati wa mapumziko kazini ghalani mbele ya wenzake wote wa zamu.

Na wa jirani? Kocha wa wapokeaji alimuuliza swali lilelile la mchezo gani, akajibu, "Mpokeaji," akakaza macho. Akaachwa apokee. Saa nane, kipindi cha mapumziko, akaenda mwenyewe kupiga mpira milingotini kwa zile daluga za mkulima, yadi 35, yadi 40, makocha wakakusanyika, naye akarudi zake kwa wapokeaji kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kila mtoto aliondoka na karatasi moja yenye mambo mawili ya kufanyia kazi, imeandikwa kwa mkono. Ya mwanangu inasema mguu wa kushoto, na usingizi.

Tukashika I-71 kusini kupitia Columbus, mvua kidogo, na saa nne usiku tulikuwa Louisville.

Matumizi

Ada za kambi kwa wote wawili dola 340, nusu akalipa jirani. Malazi 328. Mafuta 107. Ushuru wa barabara kama 10. Chakula, kuegesha gari na makumbusho karibu 190. Jumla inakaribia dola 980, na ingepita elfu kwa mbali bila Dayton na bila deli. Ningekuwa na pesa ya kambi moja tu ningekwenda ile ya dola 35 mara mbili: Juni, halafu Julai wanaporudia.

Mmeniuliza kama wasichana wanaweza kwenda. Bintiye jirani, miaka 11, ameuliza hilo tangu tulipokuwa Toledo. Wapo wasichana wachache kwenye kambi hizi, ila wengi huanza na futiboli ya vitambaa, ambapo badala ya kumwangusha mtu unamchomoa kitambaa kiunoni. Mchezo huo utakuwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake. Hapa Louisville kuna kambi ya Julai kwenye bustani ya mtaani, dola 20, inataka nakala ya cheti cha kuzaliwa na chupa ya maji. Habari ya daluga tumeshaimaliza, amepewa zile za mkulima na pamba mbele.